Waliopanda Ndege na Chupa ya Maji ya Moto

Tarehe 25 Agosti 1919 ndege ndogo aina ya de Havilland DH.4A iliruka kutoka Hounslow, pembezoni mwa London, ikaelekea Paris. Ndani yake alikuwamo abiria mmoja tu, mwandishi wa habari, aliyebanana na marundo ya magazeti, ngozi, krimu ya Devon na ndege wa mwituni waliotoka kuwindwa. Safari ilichukua kama saa mbili na nusu. Nauli ya kwenda peke yake ilikuwa pauni 21, fedha ambazo kibarua wa Uingereza wa wakati ule hakuzipata kwa mwezi mzima. Vitabu vingi vya historia huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa usafiri wa ndege wa kila siku kati ya nchi na nchi.

Abiria yule alikuwa na bahati, kwa kuwa kiti chake kilikuwa na kifuniko chenye vioo. Kampuni iliyomsafirisha, Aircraft Transport and Travel, ilikuwa na ndege nyingine ambamo abiria alikaa wazi, kichwa nje, upepo ukimchapa usoni kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Watu wa namna hiyo waliazimwa koti zito la ngozi, kofia ya kuziba masikio, miwani ya kuzuia upepo na glavu. Baridi ilipozidi, waliongezewa chupa ya maji ya moto. Ndege yenyewe haikufanyiwa lolote. Kazi yote ya kupambana na baridi ilikuwa juu ya mwili wa abiria na nguo alizovishwa, na ukiangalia yaliyofuata kwa miaka mia moja, utaona kazi hiyo ikihama kidogo kidogo kutoka kwa abiria kwenda kwa mashine.

Sababu ya baridi ni ile ile iliyoko mlimani. Kila unapopanda mita 1,000, halijoto ya hewa hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi za sentigredi. Mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa: mjini anatokwa na jasho, na akiinua macho anaiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kwenye kimo cha mita 11,000, ambako ndege kubwa za leo hupita, hewa ya nje huwa na baridi ya nyuzi 55 hivi chini ya sifuri. Ndege za mwaka 1919 hazikufika huko, lakini hata mita 1,500 juu ya Mlango wa Uingereza, mwezi Januari, upepo ukikupuliza bila kizuizi, vidole huacha kusikia.

Marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wameyajua hayo mapema, tena kwa uchungu. Sidney Cotton, Mwaustralia aliyekuwa rubani wa jeshi la majini la Uingereza, aligundua kitu akiwa ndani ya ovaroli chafu ya kazi. Siku moja ya baridi alitua na wenzake. Wao walitetemeka, yeye hakutetemeka. Ovaroli yake ilikuwa imelowa mafuta na grisi ya injini kiasi kwamba upepo haukupenya wala joto la mwili halikutoka. Akaenda kwa washonaji wa London, wakamtengenezea vazi la tabaka tatu: manyoya membamba ndani, hariri isiyopitisha hewa katikati, kitambaa kigumu nje. Vazi hilo likaitwa Sidcot, kwa jina lake, na marubani waliendelea kulivaa kwa miaka mingi baada ya vita.

Wapo walioitaka baridi. Charles Lindbergh, rubani wa Marekani, alipovuka Atlantiki peke yake mwezi Mei 1927, kwa saa 33 na nusu, aliamua kutofunga vioo vya madirisha ya ndege yake. Adui yake mkubwa safarini alikuwa usingizi, na upepo wa baridi ulimsaidia kukaa macho. Lakini Lindbergh hakuwa na abiria. Makampuni yaliyotaka kuuza tiketi hayakuweza kumwambia mfanyabiashara na mkewe kwamba kutetemeka ni afya.

Hivyo katika miaka ya 1920 ndege zilianza kuwa na chumba kilichofunikwa, chenye viti vya mianzi na madirisha ambayo mara nyingi yalifunguka. Joto lilitafutwa mahali pa karibu kuliko pote, yaani kwenye bomba la moshi la injini. Bomba lilizungushiwa mfuko wa bati, hewa ya nje ikapitishwa katikati, ikapata joto, ikaingizwa kwa abiria. Njia hiyo ilikuwa rahisi na nyepesi, ila bomba likipata ufa, pamoja na joto iliingia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu akidhani anasinzia. Wahandisi wa Marekani walikuja na suluhisho bora zaidi kwenye ndege za Douglas, DC-2 na baadaye DC-3 iliyoanza kubeba abiria mwaka 1936. Moto wa bomba la moshi ulichemsha maji, mvuke ukapita kwenye rejeta, na hewa iliyopulizwa juu ya rejeta ndiyo iliyoingia ndani. Moshi ulikaa mbali na pua za watu.

Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, kazi kubwa ya kuwapasha watu joto ilifanywa na binadamu mwenzao. Mwezi Mei 1930 Ellen Church, muuguzi aliyesomea pia urubani, alianza kazi kwenye ndege za Boeing Air Transport kati ya Oakland na Chicago, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwa mhudumu wa ndege. Yeye na wenzake saba waliofuata wote walikuwa wauguzi. Kampuni ilijua abiria wake wangeumwa kichwa, wangetapika, wangeganda miguu. Blanketi la ndegeni, ambalo leo linaonekana kama sehemu ya kiti, lilikuwa kwa wauguzi hao kifaa cha tiba.

Njia ya kutoka Uingereza kuja Afrika Mashariki ndiyo iliyokusanya matatizo yote mawili, baridi na joto, katika tiketi moja. Shirika la Imperial Airways lilifungua huduma yake ya kwanza ya Afrika tarehe 28 Februari 1931, kutoka London hadi Mwanza. Mwaka uliofuata njia iliongezwa mpaka Cape Town, safari ya siku 11 kwa ratiba. Ilikuwa safari ya vipande vipande: ndege ya nchi kavu hapa, treni pale, ndege ya majini kwingine. Abiria aliondoka London kukiwa na ukungu na barafu, akateremka Kairo, akafuata mto Nile hadi Khartoum, akapita Malakal na Juba, akatokea Ziwa Victoria na kutua Port Bell, Kisumu, kisha Mwanza.

Fikiria shida ya kufunga mzigo wa safari kama hiyo. Abiria walipimwa uzito pamoja na mizigo yao, kwa sababu kila kilo ilikuwa na maana kwa ndege zile. Huwezi kubeba kabati zima la nguo. Lakini unahitaji koti la sufu kwa Ulaya, na baada ya siku nne unahitaji kofia ya jua na shati jepesi kwa Sudani, ambako mwezi Mei joto la mchana hupita nyuzi 40 bila kumshangaza mwenyeji.

Ndege hazikuwa na kiyoyozi. Zilipita chini, mita elfu moja au mbili kutoka ardhini, katika hewa ile ile iliyokuwa inapikwa na mchanga. Hewa ya moto ilipopanda kutoka jangwani iliirusha ndege juu na chini, na abiria walitapika. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ratiba. Wasafiri waliamshwa usiku wa manane, wakanyweshwa chai, wakapandishwa ndegeni ili iruke alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Katikati ya mchana, ikiwezekana, walikuwa wameshateremka na kupumzika hotelini. Yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi la usiku kutoka Dar es Salaam ili kulikwepa jua la Dodoma anaielewa hesabu hiyo.

Huku kwetu palikuwa na aina nyingine ya usafiri wa anga, wa ndege ndogo na watu wachache. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, na jina lake liko hadi leo kwenye uwanja wa Wilson. Ndege za mwanzo zilikuwa Gipsy Moth, zenye viti vya wazi. Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukiondoka hapo alfajiri ya Julai na kupanda ili uvuke milima, unakutana na baridi ambayo mgeni hakuitarajia katika nchi iliyo kwenye ikweta. Beryl Markham, aliyejifunza kuruka Kenya, alipata fundisho kali zaidi. Mwezi Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, karibu saa 21 na nusu angani. Barafu iliziba njia za hewa za matangi ya mafuta, injini ikazimika, naye akaangukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia. Alitoka akiwa hai, na jeraha kichwani.

Mwaka 1937 zikaja ndege za majini za Short, zile za daraja la Empire, na kwa watu wengi wa pwani hizo ndizo ndege za kwanza kubwa kuziona. Njia yake ilitoka Southampton hadi Durban. Baada ya Kisumu zilikata kwenda Mombasa, kisha Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji na Beira. Zilibeba abiria 24, na ndani kulikuwa na sehemu ya kusimama kando ya madirisha, yenye reli ya kushikilia, ambako mtu aliweza kunyoosha miguu akiangalia viboko wa Nile. Kwa starehe hazikuwa na mfano. Lakini dawa ya joto ilibaki ile ile ya alfajiri na hotelini, kwani ndege hizo pia zilitua kila jioni na watu wakalala nchi kavu. Ndege ikiwa imefungwa majini Khartoum au Malakal, bati lake likipigwa na jua, hakuna aliyetaka kungojea ndani.

Vita vya Pili vya Dunia vilirudisha watu kwenye baridi ya kikatili. Marubani na wapiga mizinga wa ndege za Marekani aina ya B-17 waliruka juu ya Ujerumani wakiwa kwenye kimo cha mita 7,000 na zaidi, wengine wamesimama mbele ya madirisha yasiyo na vioo. Baridi iliwajeruhi wengi vidole na nyuso. Walivalishwa nguo zenye nyaya za umeme ndani, na waya mmoja ukikatika, mguu au mkono mmoja uliganda huku mwili mwingine ukiwa na joto.

Abiria wa wakati wa vita hawakuwa na hali nzuri zaidi. Kati ya Sweden na Uskoti, Waingereza walitumia ndege za kivita aina ya Mosquito, na abiria alilazwa mahali pa kubebea mabomu, amevishwa vazi la rubani, buti, parachuti na kifaa cha kupumulia oksijeni. Mwezi Oktoba 1943 aliyelazwa humo alikuwa Niels Bohr, mwanafizikia mkubwa wa Denmark aliyekuwa akiwakimbia Wanazi. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko kofia aliyopewa, spika za masikioni hazikumkaa sawa, na rubani alipomwambia afungue oksijeni hakusikia. Akazimia. Rubani alipoona hajibiwi alihisi kuna tatizo, akateremka chini juu ya Bahari ya Kaskazini. Bohr alifika Uskoti salama na kusema amelala vizuri sana njia nzima.

Hata waziri mkuu wa Uingereza hakuepuka. Usiku wa Januari 1943 Winston Churchill alikuwa njiani kwenda Casablanca ndani ya ndege ya kivita aina ya Liberator iliyogeuzwa kuwa ya abiria. Kulikuwa na kifaa cha kuleta joto kilichochoma petroli, chenye mabomba yaliyopita karibu na vitanda. Churchill aliamka vidole vya miguu vikiungua. Akahofia mvuke wa petroli ungeilipua ndege, akaamuru kifaa kizimwe, kwamba ni heri kuganda kuliko kuungua. Saa chache baadaye daktari wake alimkuta amepiga magoti, na fulana ya hariri, akijaribu kuziba upepo ukutani kwa blanketi. Mkuu wa serikali ya himaya nzima alikuwa na hiari mbili tu, na zote zilikuwa mbaya.

Mageuzi yenyewe yalikuwa yameshaanza kimya kimya mwanzoni mwa vita. Mwaka 1940 Boeing 307, iliyoitwa Stratoliner, ilianza kubeba abiria ikiwa na chumba kilichozibwa na kushindiliwa hewa. Ndege iliweza kupanda juu ya mawingu mabaya, kimo cha mita 6,000, na abiria wakapumua bila kifaa chochote usoni. Kuziba chumba kulibadilisha kila kitu. Madirisha hayakufunguka tena. Hewa yote aliyoivuta abiria, na joto lote alilolisikia, vilipita kwenye mashine kwanza.

Afrika Mashariki iliingia katika zama hizo haraka. Ndege za majini za BOAC, shirika la Uingereza, zilitua Ziwa Naivasha kwa muda mfupi, 1949 hadi 1950, kisha zikaachia nafasi ndege za nchi kavu zenye chumba kilichozibwa. Binti mfalme Elizabeth alipoondoka London tarehe 31 Januari 1952 kuja Nairobi, alipanda ndege aina ya Argonaut, ya injini nne za pangaboi, iliyozibwa hewa. Siku sita baadaye, baba yake alipofariki, alitoka Nanyuki hadi Entebbe kwa DC-3 ya shirika la East African Airways, ambayo haikuzibwa, kisha akapanda tena Argonaut kurudi kwao akiwa malkia. Katika safari moja alipita enzi mbili za hewa ya ndegeni.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya jeti ya Comet iliondoka London na abiria 36. Ilipita Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikatua Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Huo ulikuwa usafiri wa kwanza wa abiria kwa jeti duniani, na mtu wa Uganda aliuona kabla ya mtu wa New York. Chai ya alfajiri ya kukwepa jua haikuwa na maana tena. Comet ilipita juu kabisa ya joto la Sudani, zaidi ya mita 10,000, ambako hewa ni tulivu na baridi yake ni ya kuua. Ndani, watu walikaa na suti zao.

Gharama ililipwa. Kushindilia hewa na kuitoa, safari baada ya safari, kulichosha bati la Comet. Ndege ile ile iliyofungua njia ya Entebbe ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, nyingine ikafuata Aprili, na Comet zote zikasimamishwa. Ukweli huu husahauliwa na wanaolalamikia hewa ya ndegeni: ukuta unaomkinga abiria na baridi ya nyuzi 55 chini ya sifuri ulijifunzwa kwa maisha ya watu.

Jeti iligeuza swali juu chini. Injini ya jeti hufanya kazi kwa kushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi kwa nguvu. Sehemu ya hewa hiyo huchotwa kabla haijachanganywa na mafuta, ikiwa na joto la nyuzi 200 au zaidi, ikapelekwa kwa abiria. Haiwezi kuingia hivyo. Hupitishwa kwenye vipozaji vinavyopigwa na upepo wa nje, ikapanuliwa ghafla ndani ya mashine ndogo yenye pangaboi, ikapoa hadi karibu na kuganda, ndipo ikachanganywa na kiasi cha hewa ya moto ili ifikie nyuzi 22 au 24. Kwa hiyo abiria anayejikunyata juu ya Sahara mara nyingi hatetemeshwi na baridi ya nje. Anatetemeshwa na hewa iliyotoka injini ikiwa moto mara mbili ya maji yanayochemka, kisha ikapozwa kupita kiasi alichokitaka yeye.

East African Airways, shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanzishwa mwaka 1946 na ndege ndogo za mbao na kitambaa, lilipata Comet 4 zake mwaka 1960 na Super VC10 kuanzia 1966. VC10 ilibuniwa hasa kwa ajili ya viwanja vya juu na vyenye joto, kama Nairobi, ambako hewa nyepesi huinyima ndege nguvu ya kuruka. Wabunifu walifikiria sana joto la Afrika, lakini kwa sababu ya mbawa na injini. Abiria aliyekaa ndani mlango ukiwa wazi, ndege ikingojea kuondoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, saa saba mchana, alijipepea kwa gazeti.

Shida hiyo ya ardhini ilikuwa ya dunia nzima. Injini zikizimwa, hewa ya baridi nayo hukatika. Boeing 727, iliyoanza kazi mwaka 1964, ilileta injini ndogo ya ziada, yenye kazi ya kutoa umeme na hewa ndege ikiwa imesimama. Leo karibu kila ndege kubwa ina injini hiyo, kwa kawaida mkiani, na mlio wake ndio unaosikika ukipanda ngazi. Viwanja vya Ghuba, Dubai, Doha na Muscat, ambako majira ya joto hufika nyuzi 45, huongeza mabomba makubwa ya hewa ya baridi yanayochomekwa tumboni mwa ndege.

Hewa hiyo ya baridi ikikutana na unyevu wa pwani huleta kituko kingine. Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, mlango ukifungwa na kipozaji kikianza kazi, ukungu mweupe hutiririka kutoka juu ya madirisha, na kila safari yuko mtu anayedhani ndege inaungua. Ni mvuke wa hewa ya Bahari ya Hindi uliopoa na kugeuka matone madogo. Dakika chache, hupotea.

Baada ya hapo unyevu huwa historia. Hewa ya nje kwenye kimo cha kusafiria haina maji karibu kabisa, na ndani ya ndege nyingi unyevu hubaki chini ya asilimia 20. Hewa kavu hukausha ngozi haraka na kuipoza, ndiyo maana nyuzi 22 za ndegeni zina ukali kuliko nyuzi 22 za sebuleni Arusha. Mtu aliyekaa bila kujongea kwa muda wa saa nane, miguu imening'inia, damu ikizunguka polepole, huisikia baridi ambayo mhudumu anayesukuma toroli la chakula haisikii hata kidogo. Huo ni ugomvi wa kimya unaoendelea katika kila safari ya usiku, na kidhibiti kiko upande wa anayesukuma toroli.

Si kwamba wahudumu wanastarehe. Shirika la wahandisi wa viyoyozi la ASHRAE hupendekeza chumba cha abiria kiwe kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 2010, chama cha wahudumu wa ndege kilidai kuwepo kanuni ya lazima, kikawapa wanachama programu ya simu ya kuripoti ndege zenye joto au baridi ya kupita kiasi. Malalamiko makubwa yalikuwa ya joto, ndege ikiwa imesimama kiwanjani. Mashirika huona kila dakika ya injini ile ndogo ya mkiani kuwa mafuta yanayoteketea bure.

Wakati mashine zikichukua kazi, nguo za safari zilipungua. Blanketi zito la sufu likawa blanketi jepesi, jepesi likawa kitambaa chembamba kama shuka la hospitali ya zamani, na Agosti 2008 shirika la JetBlue la Marekani likaanza kuuza mto na blanketi kwa dola 7. Ilipokuja Uviko-19 mwaka 2020, mashirika mengi yaliondoa mablanketi kabisa kwa muda. Anayeruka na fulana nyepesi anaweka imani yake yote kwenye kisanduku cha umeme asichokiona.

Maendeleo yapo. Boeing 787, iliyoanza kazi Oktoba 2011, haichoti tena hewa ya abiria kwenye injini. Hutumia kompresa za umeme, na mwili wake wa nyuzi za kaboni, usioshika kutu, unaruhusu unyevu zaidi na mgandamizo wa hewa ulio karibu zaidi na wa ardhini. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya saa 15 hivi, ilitumia ndege hiyo. Ni ahueni kwa koo na macho. Kwa miguu, tofauti ni ndogo: ukuta wa ndege bado una nyuzi 55 chini ya sifuri upande wa pili, na anayekaa dirishani au kando ya mlango wa dharura bado huganda kabla ya wenzake.

Kwa maoni ya mwandishi, wasafiri wa leo wamepumbazwa na mafanikio. Chumba cha ndege kinagawanywa katika maeneo machache tu, kila moja na halijoto yake, na eneo moja linaweza kuwa na watu mia. Hakuna mashine itakayompendeza mzee wa Njombe aliyezoea baridi na kijana wa Tanga anayetafuta kazi Muscat, wakiwa kiti kwa kiti. Kitakachowatofautisha ni walichovaa.

Basi anayejiandaa kwa safari ya usiku, iwe ya Ghuba, Ulaya au Marekani, aingie na soksi nzito na kikoi, kanga mbili au shuka la Kimasai kwenye begi la mkononi, wala asiviweke kwenye sanduku linaloshuka chini. Anayeogopa baridi aombe kiti cha ujia, mbali na milango. Akisikia hewa ya kichwani inampuliza, asogeze kitundu chake kabla ya kulalamika. Na kama eneo zima limepoa, amwambie mhudumu mapema, kabla taa hazijazimwa, kwa sababu hata baada ya kidhibiti kuguswa, hewa huchukua dakika kadhaa kubadilika.